Siku Waya Wangu wa Simu Ulipozinduliwa

(Mheshimiwa mkurugenzi alipanda juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, na viatu vyake. Mimi nikakaa karibu na simu. Binti yangu alikuwa mbali, wodini, uchungu umemshika tangu asubuhi, na namba aliyonayo kichwani ni ya dukani tu.)

Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati, waheshimiwa wajumbe mliokaa na mliokosa viti, wazee wetu, vijana wetu, kinyozi, fundi saa, muuza viatu, nawe mama fundi cherehani mwenye duka hili, pamoja na mimi mwenyewe, ambaye nisipojitaja nitakuwa nimejidhulumu: itifaki imezingatiwa! (Makofi.)

Leo, ndugu wadau, tunaingia rasmi katika netiweki ya dijitali. Wapo waliosema kwamba mfanyabiashara mdogo mwenye mtambo wake wa simu, kama huu wa mama, simu moja kaunta, moja chumba cha kukatia, moja stoo, sharti autupe jalalani ndipo aunganishwe na laini mpya. Lakini mimi, baada ya semina saba, warsha kumi na moja na safari moja ya mafunzo niliyokwenda na mke wangu kwa ajili ya kuleta uwiano, nikasema hapana, mtambo wa zamani utabaki palepale, na kisanduku hiki cha kijani mnachokiona ukutani ndicho kitakachouunganisha na dijitali, ili wateja thelathini wapige kwa mpigo mmoja na wote wapokelewe! (Vigelegele. Kinyozi akaninong'oneza, "Mama, hao thelathini utawapokea kwa masikio ya nani?" Nikamwambia, "Nyamaza, baba, nisikie simu.")

Utafiti wetu wa kina unaonyesha kuwa asilimia mia moja na nne ya maduka ya mtaa huu yameridhika na huduma hii, na hapo bado hatujaianza! Mkurugenzi gani mwingine amewahi... (Simu ikalia. Nikainuka.) Kaa, mama, kaa! Mmesikia, ndugu zangu? Hatujazindua, na dijitali tayari inaita! (Makofi mengi. Nikasema, "Mheshimiwa, huyo ni mwanangu, anajifungua!") Hongera sana, mama, lakini kila jambo lina utaratibu wake. Utapokea baada ya uzinduzi. Katibu, utepe! Umesahaulika? Haidhuru, kiongozi hakwami. Si huu hapa waya umepita mbele yangu? Tutaukata kama ishara. Mama, niazime mkasi wako.

(Nani alimwazima? Aliuokota mwenyewe miguuni pake. Mimi nilikuwa nimeshanyakua simu. "Mama! Tumevuka salama, sote wawili! Mtoto ni..." Kacha! Waya ukakatika.)

Dijitali! (Juu!) Netiweki! (Juu zaidi!) Mkurugenzi! (Watu wakatazamana. Katibu peke yake akasema, Juu.)

Kwa kumalizia, namshukuru seremala aliyetuchongea kisanduku hiki kwa mbao nyepesi, na kwa kuwa ndani hamna kitu, hakitamwangukia mtu vibaya. Nawashukuru mafundi wa laini, ambao tutawatafuta mara barua ya kuomba mradi itakapopata mtu wa kuiandika. Nakushukuru wewe, mama, kwa kujitolea waya pekee uliokuwa ukifanya kazi mtaa mzima. Kuhusu mjukuu, kama ni wa kike au wa kiume, suala hilo limepokelewa, litashughulikiwa awamu ya pili. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

(Mimi nilibaki na simu sikioni, machozi yananitoka, naita, "Mwanangu, ni nini? Sema, mama!" kwenye simu iliyokufa. Fundi saa hakungoja awamu ya pili. Akapiga magoti kati ya viatu vya wajumbe, akamenya ncha za waya kwa meno, akazisokota. "Dada, irudishe mahali pake. Atapiga tena."

Ikalia. Wa kike!

Mheshimiwa akajipigia makofi.)