Kaptula Kando ya Eliamini

Jumatatu, 7 Machi 1938. Same.

Kibao kimesimama! SHORTS BY ELIAMINI. Nimekiandika mwenyewe kwa rangi nyeupe. Yaani: kaptula, kando ya Eliamini. Wazungu wa mashamba ya mkonge wanalijua jina la Eliamini, langu hawalijui. Basi jina lake liwalete. Cherehani yangu iko mwanzo wa baraza, yake mwisho. Watanikuta mimi kwanza!

Neno "by" nimefundishwa na Mwalimu Eliufoo: nyumba "by" mto, nyumba kando ya mto. Ujira wake, kaptula nzima. Sijapewa kitu bure tangu niteremke kutoka Mhezi na mkasi mmoja.

Na lazima iwe wiki hii. Yahaya, mwenye duka, anataka nusu ya baraza aweke magunia. Ametutamkia sote wawili: atakayepata kazi ya kaptula za walinzi wa shamba atabaki. Mwingine akashonee juani.

Jumanne, 8 Machi.

Meneja wa shamba kaja. Kasoma kibao. Akaitungua kaptula yangu ya mfano msumarini, akaugeuza mshono, akatabasamu. Nikasimama kumpokea. Akanipita! Akaenda kumpa mkono Eliamini! Na Eliamini, mzee wa kanisa, akaupokea. Baadaye kaniambia ahsante ndugu yangu kwa kunitangaza, Mungu akuzidishie.

Chande, karani wa meneja, alicheka mpaka akashika nguzo. Anasema "by" ikifuatwa na jina la mtu, huyo ndiye aliyefanya kazi. Kumbe nimetangaza kwamba kaptula zangu kazishona Eliamini! Kibao nimeking'oa. Sasa najua: ukiona "by", mshonaji yuko mbele yake.

Alhamisi, 10 Machi.

Eliamini kaenda kumweleza meneja kwamba kaptula ile ilikuwa yangu. Anataka na sifa ya ukweli!

Meneja katuletea kila mmoja kipande cha kaki, tushone, azilinganishe. Kwenye kila kipande pamebanwa kikaratasi: ONE PAIR BY SATURDAY. Eliamini, asiyejua Kiingereza, kauliza kwa Chande, akakata kitambaa papo hapo. Mimi sikuuliza. Mimi nimesoma. Kaptula moja, iliyoshonwa na Saturday!

Saturday ni Jumamosi, hilo najua. Akina Juma wapo, akina Alhamisi wapo, kwa nini asiwepo fundi Jumamosi? Kwa hiyo sisi ni matarishi tu. Kazi imekwisha kwenda kwa mtu wa tatu! Nimemwuliza Yahaya kama anamfahamu. Akasema hamjui, labda nikajaribu kijiji cha Kisiwani. Naondoka kesho alfajiri na kitambaa changu. Nitapatana naye: nishone mimi, jina liwe lake, baraza niendelee kukaa mimi. Eliamini na akate tu!

Ijumaa, 11 Machi. Kisiwani.

Jua la huku halina adabu. Nimemkuta bibi anapepeta mahindi. Shikamoo bibi, Jumamosi yuko wapi? Marahaba, akanitazama sana. Jumamosi ni kesho, mwanangu, wewe umetoka wapi?

Kumbe amesafiri. Nitamsubiri.

Jumamosi, 12 Machi. Kisiwani.

Nimekaa njiani tangu asubuhi, kitambaa mapajani. Hajaja. Fundi asiyetimiza ahadi, na ndiye anayepewa kazi na Wazungu! Wamepita mbuzi. Wamepita Wasabato wakienda kusali, nikamwuliza mmoja wao. Akasema Jumamosi ndiyo hii ndugu, karibu tusali. Watu wa huku ukiwauliza swali hawakujibu.

Jumatatu, 14 Machi. Same.

Magunia ya Yahaya yamekaa mahali pangu. Cherehani iko nje, chini, imefunikwa gunia la chumvi. Kazi yote ni ya Eliamini.

Nilikwenda kwa Chande, kwa miguu, kwa hasira, kwa ajili ya neno lile lile. Ati safari hii "by" maana yake isipite: kaptula iwe tayari, Jumamosi isipite. Maana tatu! Neno lenyewe herufi mbili! Eliufoo kachukua kaptula nzima, akanifundisha theluthi. Kiswahili chetu hakina utapeli huo. Neno moja, kazi moja.

Nimemwomba Chande anisemee kwa meneja, nipewe hata viraka. Karudi na jibu: stand by. Akafungua mdomo anieleze. Nikamkatiza. Bwana Chande, neno hilo limenila kitambaa, limenila baraza, leo nalijua kuliko wewe. Stand ni simama. By, hapa hapana mtu wala siku, kwa hiyo ni kando. Kando ya nini, meneja hakusema. Nimechagua mlango wake.

Jumanne, 15 Machi.

Nimesimama. Meneja kapita mara nne, kaniangalia mara nne. Dalili njema! Chande kaniletea kiti, ati "stand by" ni kungoja tu mpaka uitwe, hata ukiwa umekaa. Nimekikataa. Anataka nionekane sikuelewa.