Beberu Aliyezua Taharuki Mlali

Kamati inayo furaha kuwatangazia wananchi kwamba taharuki imepigwa marufuku katika hadithi fupi zote za wanafunzi wa kidato cha kwanza, Kanda ya Kati. Alama za juu zitakwenda kwa hadithi ambayo msomaji akimaliza sentensi ya kwanza tayari anaijua ya mwisho, na hivyo anaweza kurudi haraka kwenye ujenzi wa taifa.

Mimi ndiye Katibu wa Kamati ya Upimaji. Ofisi yetu ipo mjini, mtaa wa Area D, ina kiyoyozi, na mambo yalikuwa yanakwenda shwari kabisa. Hadithi iliyokuwa ikiongoza iliitwa "Siku Niliyoamka". Ndani yake mtoto anaamka.

Ndipo ikaja ya Paulina, msichana wa Mlali. Mjumbe wetu Mama Salma aliisoma wa kwanza. Tulimkuta amesimama peke yake, chai imepoa, anasema, "Mungu wangu, mbuzi!"

Mwenyekiti, Dokta Ernest, akaagiza binti aletwe ajieleze. Aje pia mwalimu wake wa Kiswahili, Zablon, ambaye kosa likithibitika angehamishiwa stoo ya madawati, Chamwino.

"Shikamooni," Paulina alisalimia, karatasi ameikumbatia kifuani.

"Marahaba. Unatuhumiwa kuzua taharuki," alisema Dokta Ernest. "Soma ushahidi."

Paulina akasoma. Kijijini anakuja mgeni rasmi, na wapokeaji wameamua atakula beberu wa Bibi Anna. Bibi hana mwingine, na huyu anampenda. Basi anamfunga beberu kilemba, anamlaza kitandani, anamfunika shuka hadi kidevuni, na kutangaza kwamba huyo ni dada yake, mgonjwa, katoka Mpwapwa. Mgeni rasmi akisikia neno mgonjwa anaona fursa ya kupigwa picha. Anaingia. Anaketi kando ya kitanda. Anashika kwato.

"'Pole sana, bibi,' akasema mgeni rasmi," Paulina aliendelea. "'Mkono huu mgumu. Inaonekana umelima sana.'"

Mzee Habibu, mjumbe wetu mkongwe, alikuwa ameanza kutafuna tai yake. Mwalimu Zablon alifumba macho kama mtu anayesubiri sindano.

"Ndipo shuka ikaanza kutikisika." Paulina akakunja karatasi.

Mama Salma akasogeza kiti mbele.

"Halafu?" aliuliza Dokta Ernest.

"Basi, mheshimiwa. Huko mbele kuna taharuki zaidi. Nimekatazwa."

"Nani kakukataza?"

"Ninyi, mheshimiwa."

Mwenyekiti alilegeza tai. Alikunywa maji ya Mama Salma. Kwa mujibu wa taratibu hilo lilikuwa sahihi, kwa sababu maji yalikuwa karibu.

"Binti, nakuamuru usome."

Paulina alimtazama mwalimu wake, kisha akatazama sakafu. "Nikisoma, mwalimu atahamishwa. Pale shuleni ndiye anayetusomea hadithi. Hatuna mwingine."

"Nani anahamishwa?" Dokta Ernest alipiga meza. "Katibu, nani kasema habari za kuhamishwa?"

"Wewe, mheshimiwa."

"Futa!"

Nikafuta. Mwalimu Zablon akafumbua jicho moja.

"Haya, soma, mwanangu," Mwenyekiti akabembeleza. "Huyo mbuzi amefanya nini?"

Paulina akavuta pumzi, akafunua karatasi. "Beberu akatoa kichwa kwenye shuka, kilemba upande. Akamtazama mgeni rasmi usoni, akasema, 'Mee!' Mgeni rasmi akafikiri kidogo. Kisha akamgeukia msaidizi wake: 'Andika, bibi anashukuru sana.'"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mama Salma aliteleza kutoka kitini na hakuona sababu ya kurudi. Mwalimu Zablon alicheka mpaka machozi, akijifuta kwa mkono wa shati. Paulina naye, aliyeingia ameikumbatia karatasi, sasa alikuwa amejishika mbavu.

Dokta Ernest peke yake hakucheka. Kiongozi lazima abaki na utulivu. Alisimama, akaweka koti sawa, akangoja kelele zitulie, halafu akanigeukia.

"Katibu, andika: mwanafunzi anaishukuru sana Kamati."

Niliandika. Ndiyo kazi yangu. Nilikuwa nimefika kwenye neno "sana" pale Mzee Habibu, mtu mzima na wajukuu wake, alipojificha nyuma ya faili na kusema, kwa sauti ya kusikika vizuri mpaka korido:

"Mee!"