Kiti cha Mbele

Jumatatu, 3 Juni

Jumamosi mjukuu wangu anaolewa. Nimemlea mimi tangu hana jino. Leo mwanangu, baba wa bibi harusi, ametangaza mpango wa gari lake. Nyuma atakaa bibi harusi, mama yake na mpambe. Mbele, kando ya dereva, bibi mmoja. Mmoja! Na mabibi tuko wawili: mimi, na mama wa mkamwana wangu, ambaye mimi humwita Bibi Manukato kwa sababu harufu yake hufika kabla yake. Mwingine atapanda basi dogo na wapiga vigelegele. Nani? Mwanangu akatazama kucha zake. Nimezaa mwoga.

Viti vya gari lile ni vya ngozi, rangi ya maziwa. Cha mbele kina madoa ya soda. Nimepata akili. Nitakisafisha mimi. Nani atathubutu kuninyang'anya kiti nilichokiogesha mwenyewe?

Vya nyuma vitajijua.

Jumanne, 4 Juni

Mwanangu alipoingia bafuni nikachukua ufunguo. Ndoo ya maji ya moto, sabuni ya kufulia, brashi ya sakafu. Nimesugua mpaka mkono ukafa ganzi. Muosha magari wa ng'ambo ya barabara akaja kunifundisha kazi. Eti ngozi hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu, haimwagiwi maji, haianikwi juani. Nikamuuliza yeye ameogesha watoto wangapi. Hana hata mmoja! Nikafungua milango yote jua liingie.

Jioni kiti kimekakamaa. Ukikibonyeza kinalia. Lakini madoa yametoka. Na rangi kidogo.

Jumatano, 5 Juni

Mwanangu ameona. Hakufoka. Alikaa kwenye ngazi ameshika kichwa. Kisha akaenda kununua kikopo cha mafuta maalumu ya viti vya ngozi, akasema atayapaka mwenyewe akirudi kazini, kidogo kidogo, na mtu asiguse. Mtu ni mimi.

Nilikifungua kunusa tu. Yananukia. Nikajaribu kwenye kisigino. Kikalainika kama cha mtoto! Hapo nikagundua ujanja wa wenye maduka: ni mafuta yale yale ya kujipaka, wamebadilisha kopo. Ngozi ni ngozi. Basi kikopo nikakimalizia miguuni, na kiti nikakipaka mafuta yangu ya nazi. Chupa nzima. Hakuna mtoto aliyetoka mikononi mwangu amepauka.

Alhamisi, 6 Juni

Mwanangu amekaa kujaribu. Amesereka mpaka magoti yakagonga dashibodi. Suruali ya kazi basi tena. Akanigeukia, sauti ya chini kabisa.

"Mama, hiki ni kiti. Si mtoto mchanga."

Nikamwambia hata yeye aliteleza hivyo hivyo nilipomtoa kwenye beseni, na mbona leo ana kitambi.

Muosha magari akaitwa. Kapangusa, kapangusa. Amesema mafuta yameingia kwenye mishono, na gari likipata joto yatatoka tena. Alisema akiniangalia mimi. Adabu hana. Nimemwambia mwanangu asihangaike, dawa ninayo.

Ijumaa, 7 Juni

Mtoto akishapakwa mafuta hupakwa poda. Jambo hilo halihitaji shule. Nimekipiga poda kiti kizima, mishono nimeijaza kwa kidole. Hakitelezi. Labda kidogo.

Mkamwana wangu akapita, akapiga chafya, akauliza kama nguo ya mama yake haitachafuka. Nikamuuliza mama yake anahusikaje. Akainama. Kumbe mwanangu, kwa hasira za suruali, amekwishampa Bibi Manukato kiti tangu jana.

Yaani nimeosha, nimepaka, nimepiga poda, kwa ajili ya makalio yale!

Nilikaa jikoni. Nilimbeba mgongoni mtoto yule anayeolewa. Manukato alikuwa wapi? Alikuja siku za kupigwa picha.

Mkamwana kapangusa poda ya juu; ya kwenye mishono sikumwambia mtu. Sikuulizwa.

Jumamosi, 8 Juni

Bibi Manukato amekuja na gauni la buluu iliyoiva. Hakunisalimia vizuri. Akapanda mbele, akajipepea. Jua kali, bibi harusi bado anapambwa. Nikasubiri kwenye mlango, kwa heshima.

Mpiga picha akamwita. Akashuka. Akageuka. Vigelegele vikakatika katikati. Nyuma ya gauni, mafuta na poda vimekandana, maduara mawili makubwa kama sinia. Akaniuliza nimeweka nini pale. Nikamjibu nilichomwekea mjukuu wetu, na ona alivyopendeza. Akaapa harudi kwenye kiti kile. Mimi tayari nilikuwa nimeshika mlango, mguu mmoja ndani.

"Wote wawili," mwanangu akasema. "Basini."

Kwenye kiti akaweka keki. Afadhali keki kuliko yeye.

Tumebanana basini, mimi na yeye, bega kwa bega, tukitazama kisogo cha gari. Kwenye kona ya kwanza tukaiona keki ikizama kama mtu anayeswali. Ukumbini watu wameila kwa vijiko. Namlaumu mwokaji. Keki gani haiwezi kukaa?

Mjukuu wangu amenikumbatia mbele ya wageni wote. Muda mrefu. Manukato amekumbatiwa kidogo tu. Nilikuwa naangalia.

Jumapili, 9 Juni

Chakula cha mchana kwa wakwe wapya. Watu wazuri, wanasikiliza. Sebuleni wana makochi ya ngozi, meusi, makubwa kama ng'ombe. Nikapitisha kiganja. Makavu! Yamepauka! Nyumba ina watu wazima hii? Nikamwambia mama mwenye nyumba asione aibu, kesho wakienda kazini nitapita na ndoo, na mafuta nitakuja nayo. Ya nazi, na safari hii chupa kubwa, maana juzi niliyabania.

Akanishukuru sana. Mwanangu akapaliwa na maji. Bibi harusi akaanza kulia.

Moyo wake mwororo, mtoto yule. Akifurahi kidogo tu, machozi.