Hela ya Kutazamwa

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Hela imeingia. Nimekwenda kwenye mashine ya benki, nimeomba salio, nimelisoma mara tatu. Nyuma yangu watu walikuwa wanaguna. Waache wagune.

Niandike mambo yalivyo, maana binti yangu anasema kumbukumbu zangu zina mapambo. Mjukuu wangu amepata nafasi chuo kikuu ng'ambo, kusomea namna ya kusafisha maji na kuyafikisha mjini. Ada tutalipa kwa awamu. Ya kwanza imelipwa, na mama yake, binti yangu huyo, anashona mpaka macho yanamtoka kwa ajili ya ya pili. Lakini ubalozi hautaki habari za awamu. Unataka kuona ada na matumizi ya mwaka mzima yamelala katika akaunti ya mlezi, ambaye kwenye fomu ni mimi, siku ishirini na nane bila kuguswa. Akili kubwa sana hiyo. Tajiri wa mwezi mmoja wanamwamini. Mshonaji wa miaka ishirini hawamjui.

Ndiyo sababu sisi tulioingia mji huu na mabegi mepesi tuna hela ya kutazamwa. Kila nyumba ilitia chake zamani. Inahamia kwa mwenye zamu, inalala, ubalozi unaitazama, inaondoka. Imeshapeleka vijana wanane ng'ambo na haijawahi kununua hata kiberiti.

Anayepanga zamu ni Mama Kufuli, mjane mwenye duka la vitambaa. Sauti ndogo, macho makubwa. Aliniambia, "Mzee wangu, usiiguse. Na usiifikirie."

Zamu ya baada yetu ni ya Fundi Saa, ambaye mwanawe amepata nafasi ya uhandisi. Huyu alisema mkutanoni, mbele za watu, kwamba hela isipewe mtu aliyepoteza ufunguo wa ukumbi wetu wa mikutano. Uzushi mtupu. Ufunguo haujapotea. Uko mahali. Ni mahali penyewe tu ndipo nisipopajua.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimepita benki kuona kama imelala salama.

Karani ambaye miaka yote hunionyesha foleni kwa kidevu, leo aliitazama kompyuta yake akasimama. Akamwita kijana wa tai. Kijana wa tai akanipeleka kwenye chumba cha vioo, akanivutia kiti. Cha ngozi. Kahawa ikaja katika kikombe chenye kisahani, na biskuti moja. Akaniuliza najishughulisha na nini. Nikasema mambo ya elimu. Si uongo. Nilikotoka nilikuwa mwalimu mkuu, na hapa, kwa dobi, mimi ndiye ninayepiga pasi sare za shule.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Benki tena. Biskuti mbili.

Kijana wa tai anasema mteja wa hadhi yangu hapaswi kusimama. Nimesimama katika mji huu miaka thelathini na moja. Foleni ya vibali. Foleni ya mihuri. Foleni ya kuulizia foleni ya mihuri ni ipi. Nikamwambia hoja yake ina mantiki. Akasogeza karatasi, nikatia sahihi. Karatasi mbili, tatu hivi, mambo ya heshima tu. Sikuvaa miwani. Mteja wa hadhi yangu hawezi kuonekana na miwani iliyofungwa kwa uzi.

Binti aliuliza natoka wapi. Nikasema nanyoosha magoti.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Siku njema sana. Fundi Saa alipita nje ya benki, akaniona kupitia kioo, kwenye kiti. Nikainua kikombe. Hakuitikia.

Jioni alinikuta kwa muuza magazeti, akataka kujua nilikuwa natafuta nini mle ndani. Nikamjibu kwamba kuna mambo hayaelezeki kwa mtu ambaye benki inamjua kwa namba tu. Akasema, "Wewe, hela ile si yako." Wivu ni maradhi. Nimekula vizuri.

Ijumaa, tarehe 21 Juni

Barua kutoka benki. Bahasha nene, jina langu limeandikwa bila kosa, kwa mara ya kwanza katika nchi hii.

Wananipongeza. Kwa mujibu wa maelekezo yangu, hela imehamishiwa Akaunti ya Dhahabu, itakamokaa imefungwa miaka miwili huku ikizaa riba. Nimeisoma kwa miwani. Kisha nimeisoma bila miwani, ikawa afadhali kidogo.

Maana yake ni hii. Kwa macho ya ubalozi, hela imeguswa. Miadi ya mjukuu ni tarehe 2 Julai, na atakwenda na karatasi inayoonyesha akaunti tupu. Na siku hiyohiyo Fundi Saa anaingojea hela kwa ajili ya mwanawe.

Nimeamua kutomwambia mtu. Ni uamuzi wa busara, na ndio pekee uliokuwepo.

Jumamosi, tarehe 22 Juni

Nimepata mpango. Mjukuu akighairi safari mwenyewe, hakuna aliyeharibu kitu. Nilimkuta jikoni anaosha vyombo, nikaanzia mbali. Nikasema ng'ambo kuna baridi. Nikasema chuo cha hapa kina miti mizuri, na kwamba maji ni maji popote yalipo.

Akafunga bomba. "Babu, umefanya nini?"

Nikasema sijafanya kitu. Akasema hiyo ndiyo sauti ya siku ile ya ufunguo, kisha akanyoosha mkono. Mtoto huyu nilimfundisha kusoma akiwa na miaka minne, na sasa ananisoma mimi. Nikaitoa barua mfukoni.

Aliisoma amesimama. Alipomaliza hakupiga kelele, nami ningependelea apige. Akaniuliza kwa nini nilitia sahihi bila kusoma. Nilikuwa nimeandaa majibu manne. Likatoka la tano. Nikasema, alinivutia kiti.

Akakausha mikono yake, kidole baada ya kidole, akasema Jumatatu tutakwenda wote.

Jumatatu, tarehe 24 Juni

Benki, na mjukuu. Hakuna kahawa. Kijana wa tai alitusomea masharti amesimama, na sisi tumesimama, hadhi yangu ikiwa imekwenda mapumzikoni. Akaunti inaweza kuvunjwa kwa faini. Faini ni mshahara wangu wa miezi mitatu kwa dobi. Mjukuu akasema ivunjwe leo. Hela ikarudi ilikokuwa, na siku za ubalozi zikaanza upya, miadi ikisogezwa mpaka zitimie.

Faini imelipwa kwa akiba ya binti yangu, ile ya awamu ya pili. Nitamrudishia kutoka kwenye mshahara. Dobi amekubali kumkabidhi yeye fedha mkononi, zisipitie kwangu. Watu wana imani nami.

Jioni kikao kwa Mama Kufuli, katikati ya majora ya vitambaa. Hakunigombeza. Alieleza tu, na kwa sauti yake ile kila neno lilisikika. Hela ikibaki kwetu mwezi mwingine, mjukuu anawahi Septemba na mtoto wa Fundi Saa anachelewa. Ikiondoka kwa zamu yake, mtoto wa Fundi Saa anawahi na mjukuu wangu anapoteza nafasi moja kwa moja, maana chuo chake hakipokei watu katikati ya mwaka. Cha yule kijana kinapokea tena Januari.

Wote wakamgeukia Fundi Saa. Mjukuu peke yake alitazama sakafu. Nilijua atakachosema Fundi, nimemjua miaka ishirini, na jibu langu lilikuwa tayari.

Akaifungua saa yake, akaifunga. Akasema Januari si mbali.

Mama Kufuli akamuuliza kama ana hakika, maana mwanawe ameshaaga marafiki. "Ataaga tena," akasema. "Namfanyia huyu mtoto. Babu yake nikimwona tena mle ndani, navunja kioo."

Jibu langu nikabaki nalo. Lilikuwa zuri, inasikitisha.

Jumanne, tarehe 23 Julai

Ubalozi umeitazama hela. Umeridhika nayo. Mjukuu alitoka akikimbia barabarani kama alipokuwa mdogo, na nikalazimika kutafuta kitu machoni.

Mama Kufuli alikuwa ananingojea nje ya benki ili nihamishe hela mbele ya macho yake. Alisimama karibu mno.

Jumamosi, tarehe 31 Agosti

Uwanja wa ndege. Binti yangu alikagua begi mara nyingi kuliko maofisa. Fundi Saa alikuja pia, na mwanawe, ambaye ndiye aliyebeba mizigo. Nilitaka kumwambia Fundi neno. Nikamwambia saa ya ukutani pale inachelewa. Akasema ameiona.

Mjukuu alinipa miwani mpya, yenye mikono yote miwili mizima. Akasema, "Ya kusomea kabla, babu. Si baada." Nikaahidi. Akanikumbatia, akaenda kusimama kwenye foleni. Nilimtazama mpaka foleni ikamchukua. Alisimama vizuri, wima, kama mtu anayejua inakoishia.

Jumatano, tarehe 4 Septemba

Hela sasa imelala kwa Fundi Saa, kwa ajili ya Januari. Leo nimepita nje ya benki, nikitembea tu. Namwona kwenye chumba cha vioo. Kiti changu. Kikombe, kisahani. Biskuti tatu! Nilipomuuliza jioni, alisema ananyoosha magoti. Nikamwonya, kwa uzoefu, kwamba wale watu ni hatari kwa mtu asiye makini.

Kando ya benki pamefunguliwa ofisi ya bima. Niliingia kuuliza saa tu. Binti wa mapokezi alisimama nilipoingia, akanisikiliza habari za mjukuu, kisha akaniuliza kama nimewahi kufikiria kumlipia awamu zote kwa mkupuo mmoja. Nikasema sifikirii jambo jingine. Miwani ilikuwa mfukoni, bado mpya, sikutaka kuishika ovyo.

Kiti chao kinazunguka. Nimetia sahihi mahali pawili tu.