Amri ya Mstari Mmoja

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wetu wa takwimu hospitalini anastaafu. Kiti chake kitakuwa changu au cha Miwani, mwenzangu wa meza ya pili. Nimeamua ni changu. Taarifa za wagonjwa hukaa kwenye hifadhidata kama vifurushi ndani ya vifurushi: mgonjwa, ndani yake mawasiliano, ndani yake simu. Miwani hufungua kimoja kimoja, kama anamenya kitunguu. Mimi nitafika ndani kwa mstari mmoja wa amri.

Jumanne, 4 Machi
Mama mkwe amebadilisha namba ya simu. Ameomba niirekebishe asikose kliniki ya goti. Fursa! Nikaandika amri, nikamwita Mkuu ashuhudie. Miwani akachungulia, akauliza sharti liko wapi, la kusema ni mgonjwa yupi. Nikamjibu masharti ni ya waganga. Nikabonyeza. Jibu: rekodi 6,212 zimebadilishwa. Nikamweleza Mkuu kwamba hiyo ni namba ya kumbukumbu. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima.

Jumatano, 5 Machi
Mama mkwe kapiga. Saa tatu hospitali imemkumbusha chanjo ya mtoto wa miezi tisa. Saa nne, meno ya bandia. Saa tano, kliniki ya tezi dume. Nikasema ni mtandao.
"Mkwe wangu, mtandao gani unaniita Mzee?"

Alhamisi, 6 Machi
Kaja mwenyewe, kavaa nguo za harusini. Ameitwa kliniki kumi na saba, hataki kuonekana ana dharau. Tatu zimeshampima. Wenye miadi hawakuja, hawakupigiwa: kila mgonjwa sasa ana namba ya mama mkwe. Seremala mmoja tu kaja, kwa hasira: jana ilikuwa siku yake ya kutolewa plasta. Mkuu akauliza nani kafanya haya. Mama mkwe akaninyooshea mkongojo.
Miwani akarudisha kila kitu kutoka nakala ya akiba ya Jumatatu. Dakika ishirini. Hakunicheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Ijumaa, 7 Machi
Nimenyang'anywa rekodi za wagonjwa. Kuhusu rekodi za watumishi wa kitengo, Mkuu hakutamka neno. Miwani kachoka, maskini. Mtu aliyechoka hupewa likizo. Nimeingia kwenye kifurushi cha likizo, nikaandika "ndiyo". Mstari mmoja, safi, bila masharti.

Jumatatu, 10 Machi
Nimefika saa mbili. Miwani hayupo. Karani wetu hayupo. Mkuu hayupo. Mlinzi anasema wote walipata ujumbe wa likizo ya mwezi mzima, wakaondoka bila kuuliza. Hata mimi niliupata, nikaufuta. Nimejaribu kiti cha Mkuu. Kinanitosha.