Zivania Haigandi

Jumatatu, 13 Januari

Theluji imeanguka mlimani Troodos. Huku kwetu pwani malimau yamejaa mtini na mimi nimekunja mikono ya blauzi. Mirofora, jirani wa nyumba ya mbele, alipanda huko jana. Akarudi na mtu wa theluji juu ya boneti, pua ya karoti, skafu shingoni. Akapita mbele ya geti langu mara tatu akipiga honi. Mara ya tatu mtu mwenyewe alishakuwa uji. Bado akanipungia mkono. Kila mwaka mchezo huu huu.

Nikamwambia mwanangu Tofi kwamba Jumapili na mimi napanda. Akacheka mpaka akakaa chini. Eti gari la marehemu baba yake lina miaka thelathini na moja, baridi hii hailiachi, na namba ya mtu wa vyuma chakavu anayo mfukoni. Nikamuuliza yeye ana miaka mingapi, na nani amewahi kumwitia mtu wa chakavu.

Tumepatana. Gari likipanda na kurudi bila kuvutwa, hatalitaja tena mpaka nife. Likivutwa, funguo anachukua yeye. Bila gari nitaomba lifti ya Mirofora kwenda kanisani. Afadhali nitambae.

Jumanne, 14 Januari

Fundi Yango amelikagua. Betri nzima. Rejeta nzima. Matairi akayapiga teke, akasema yatafika. Tatizo ni maji ya kuoshea kioo. Eti huko juu yanaganda, unaendesha kama kipofu. Inatakiwa dawa yake, na dawa imekwisha mji mzima, nirudi wiki ijayo. Nikamwambia wiki ijayo nitakuwa abiria.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini friza ninayo. Ndani kuna chupa kadhaa za zivania, pombe ya makapi ya zabibu niliyoitoa kwenye mtambo wangu mwenyewe. Imelala humo mwaka wa pili. Haijaganda hata tone. Sasa hao wenye viwanda walisomea nini? Nimemimina lita nne kwenye kitangi cha maji ya kioo. Sikuonja. Kazi ni kazi.

Alhamisi, 16 Januari

Nimelifunika gari kwa mfarishi wa arusi yangu, lizoee joto kabla ya safari. Mirofora akasimama ukutani na kikombe chake cha kahawa. Akauliza gari lina homa au limejifungua. Nikamjibu limepumzika, kama ambavyo ulimi wake ungefaa kupumzika.

Minyororo ya kufunga matairi yasiteleze kwenye theluji sina. Nimefungua ile ya mbuzi. Inatosha tairi moja na robo. Mbuzi naye akaona mlango wa uhuru, akaingia kwa Mirofora, akamaliza letusi mstari mzima. Kelele zilisikika mpaka bandarini. Nimempelekea jirani jibini, kwa sababu mimi ni mtu wa heshima. Akaipokea, kwa sababu yeye ni mlafi.

Ijumaa, 17 Januari

Majaribio. Nikasimama uwanjani mbele ya mgahawa wa kahawa, nikabonyeza. Tundu la kurushia maji limekaa vibaya: zivania ikaruka juu ya paa la gari, ikawanyeshea wazee waliokuwa wakicheza karata. Hakuna aliyefuta uso. Mmoja alilamba masharubu, akaniomba nipite tena. Nikalirekebisha tundu kwa pini ya nywele. Wakaondoka kwa huzuni.

Jumapili, 19 Januari

Nimekwenda. Tofi alisema anabaki uwanjani na simu mkononi. Abaki.

Gari lilipanda kama mbuzi. Karibu na kilele matope yakajaa kioo, nikabonyeza mara tano, kioo kikang'aa kama kikombe cha altare. Kwenye kizuizi cha polisi akanisimamisha askari. Pua ilifika dirishani kabla ya kofia. Akaniuliza, bibi, umekunywa kiasi gani? Nikamwambia ni gari ndilo limekunywa. Hakucheka. Akasema nishuke, gari linavutwa mpaka kituoni.

Linavutwa. Nikaona funguo mfukoni mwa Tofi, nikajiona nyuma ya gari la Mirofora, mkoba mapajani, nikisema asante.

Nikamuuliza yeye mtoto wa nani. Akasema hilo halihusiki. Nikamwambia mama yako angejua unamsimamisha mwanamke wa miaka sabini na nane kwenye theluji angelihusisha. Nikadai kipimo. Nikasimama nje robo saa, hewa safi ikanipitia mpaka kwenye mifupa, kisha nikapuliza. Sifuri. Nikapuliza tena bila kuombwa. Sifuri. Akaja kwenye kioo, akapitisha kidole, akakilamba. Kisha akasema taratibu kwamba hii ni nzuri kuliko ya mjomba wake. Nikamwambia najua.

Gari akaliachia, ila kuvuka kizuizi alikataa. Alipoona mnyororo wa mbuzi ilibidi ageuke kando ili acheke. Lakini theluji ilikuwapo pale pale barabarani, na yeye ana mikono mirefu. Tukamjenga mtu juu ya boneti, mabega kama mwanamasumbwi. Mrefu kumshinda wa Mirofora kwa kichwa kizima.

Nikateremka. Lile jitu likawa linamwagika kwenye kioo. Nikabonyeza. Zivania ikamwogesha mgongo, akapungua. Vipande vikarukia kioo. Nikabonyeza tena. Mabega yakaenda. Kijiji cha kwanza, kifua. Cha pili, tumbo.

Uwanjani nimefika na kichwa. Lakini nimefika kwa magurudumu yangu. Mirofora akauliza hiyo ni jibini nimemletea tena? Nikamwambia hicho ni kichwa, na kina akili kuliko baadhi ya tulio nao hapa. Akacheka mpaka akashika kifua, akavua skafu yake, akakifunga. Mzee mmoja alikuja na kijiko, akaonja, akawaita wenzake. Wakakimaliza kichwa pale pale juu ya boneti, kila mtu na glasi yake, huku wakiimba. Tofi aliitoa ile namba mfukoni, akaichana mbele ya watu. Sikulia. Ulikuwa upepo.

Jumatatu, 20 Januari

Asubuhi Tofi amekuja na dawa halisi ya kioo, ameitia mwenyewe. Akanishika mikono, akaniomba kwa jina la marehemu nimwahidi: sitatia tena kinywaji chochote ndani ya gari. Nimeahidi. Mimi ahadi yangu ni mlango wa chuma.

Ila nimeketi nikawaza. Baridi tumeishinda, sasa kiangazi kinakuja, na kiangazi chetu kinachemsha injini. Yango ana oili nyeusi, chafu, hata yeye hawezi kuniambia imekamuliwa kutoka kwenye nini. Mimi ghalani nina madebe matatu ya mafuta ya zeituni, mkamuo wa kwanza. Nimekaangia mwaka mzima, Agosti yote, hayajawahi kuharibika kwa moto. Na mafuta hayanywewi.

Debe la kwanza limeshaingia.