Pini ya Miaka Arobaini

Jumatatu, 9 Oktoba

...na bado sijamaliza kumsifu, maana jana daftari liliniishia pale alipoanza kuvaa hereni. Leo nimenunua jipya. Vernetta! Mke wangu! Wiki ya saba ya ndoa, na nikimsikia tu akifungua jokofu moyo unanidunda. Ana miaka sitini na mmoja na anatembea kama anayepigiwa bendi. Akamchagua Ezell Pickett, fundi wa matairi, aliyeishia sekondari. Mimi!

Habari kubwa. Jumamosi, siku ya wahitimu kurudi chuoni, mke wangu anavishwa Korongo.

Korongo ni pini ya dhahabu yenye umbo la ndege huyo, ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Udada wao, chama cha wanawake wanachojiunga nacho wangali chuoni, jina lake Omikroni Nu Tau, humpa dada mmoja tu wa tawi kila mwaka, na sharti awe ametimiza miaka arobaini bila kuacha. Watu wengine wakimaliza chuo hubaki na picha. Hawa hubaki na kazi. Mikutano kila Jumamosi ya pili. Kufundisha mabinti kusoma. Kuandikisha wapiga kura juani. Kukaa na wagonjwa, kuzikana kwa nguo nyeupe. Miaka arobaini, na mke wangu hajakosa! Nilipoyafikiria hayo nililia kidogo kwenye gari, nikamwambia mteja ni vumbi la breki.

Nataka nimvishe mimi.

Nilimwambia wakati wa chakula. Alicheka mpaka akaweka uma chini. Akasema, Ezell mpenzi, hata gavana haruhusiwi. Dada huvishwa na dada. Na atakayemvisha ni Claudine Broadnax, mwenyekiti wa tawi. Waliingia udadani mwaka mmoja, mstari mmoja, wasichana saba wamepangwa kwa kimo: Claudine Namba Moja, Vernetta Namba Nne. Mpaka leo wanaitana kwa namba, hata kwenye simu, hata kanisani.

Nikauliza, je, Claudine akikubali? Akasema Claudine hakubali hata mvua inyeshe kama haimo kwenye ajenda.

Tutaona.

Jumanne, 10 Oktoba

Mpango wa kwanza: kumlainisha Claudine kwa zawadi.

Rafiki yangu anachapisha mabango na mazulia. Nikamwagiza zulia la kufutia miguu, la kijivu, na juu yake herufi tatu za udada wao kwa rangi ya machungwa. Kubwa! Mtu aliye barabarani anazisoma. Nililitandika mwenyewe mlangoni kwa Claudine, nikabonyeza kengele, nikasimama kando nikitabasamu.

Claudine akafungua. Akainua mguu. Akatazama chini. Mguu ukabaki hewani.

Sikujua! Nani angejua? Herufi hazikanyagwi. Hazikaliwi, hazilaliwi, wakikata keki wanakata kuzizunguka. Na mimi nimeziweka chini ya viatu vya mji mzima wa Ellerbe Springs. Claudine alikuwa akienda kazini, na hawezi kutoka. Alizunguka kwa mlango wa jikoni, akapita kwenye nyasi zenye umande kwa viatu vyake virefu, akija upande wangu huku anazama hatua baada ya hatua. Akaniuliza, kwa upole uliotisha, shemeji, una ugomvi gani na mimi?

Nikasema hakuna kabisa, nikaruka kulichukua zulia. Kumbe katika kulichukua nilipita katikati yake. Kwa buti za gereji.

Nyuma ya dirisha mumewe Wardell alikuwa akicheka mpaka kioo kikaingia ukungu. Wardell ni daktari wa meno, naye tangu chuoni ni mwanandugu wa undugu wa wanaume, chama kama kile cha akina dada, ana pete yake, ana fimbo yake, ana kibao kwenye gari. Alifungua dirisha akanifahamisha kwamba miaka arobaini na mmoja hajawahi kuona jambo hilo, na kwamba anashukuru kuishi mpaka leo.

Vernetta alikwisha kupigiwa simu kabla sijafika nyumbani. Hakunigombeza. Aliingia stoo ya chakula, akafunga mlango, nikasikia mikebe ikitikisika. Alipotoka macho yamejaa machozi ya kicheko, akanipa hukumu ya Claudine: kiti changu cha mstari wa mbele, kando ya mke wangu, kimefutwa.

Kwa hiyo sasa si pini tu. Hata kumwona akivishwa ni mashaka!

Jumatano, 11 Oktoba

Mpango wa pili: kuingia kwa upande wa wanaume.

Akina dada wana kikosi cha waume. Wanabeba viti, wanafunga hema, wanakaanga kambare wa kuuza, kama jioni ya leo. Mwenyekiti ni Wardell, bila shaka. Alinipa aproni yenye doa akaniambia niangalie wakubwa wanavyofanya. Mimi! Nimekaanga kambare tangu nina miaka tisa! Unga wake ulikuwa mzito, mafuta yake hayajachemka vizuri, samaki wake wametepeta kama soksi. Nilisubiri aitwe kwenye simu, nikaongeza moto, nikatia pilipili yangu. Watu wakaacha meza yake wakaja kwangu. Aliporudi akasema anafurahi kuona nimefuata maelekezo yake.

Lakini lengo langu lilikuwa Mama Odessa Lyle. Ana miaka tisini na miwili, sabini na mmoja ndani ya udada, na Claudine mwenyewe husimama bibi huyo akiingia. Nilimpelekea vipande vitatu. Alipomaliza cha tatu nikapiga goti, nikamweleza. Kwamba nampenda Vernetta kupita kiasi. Kwamba siku ya harusi nilimbandika ua kifuani bila kumchoma, au nilimchoma kidogo tu.

Mama Odessa akafuta vidole kimoja kimoja. Akauliza, mwanangu, miaka hiyo arobaini ulikuwa wapi?

Nikasema gereji.

Akasema, basi hao wenzake walikuwa naye. Leta kipande kingine.

Nilileta kipande.

Alhamisi, 12 Oktoba

Leo hakuna mpango. Vernetta alinikumbatia jikoni bila sababu yoyote. Akasema nanuka mafuta ya samaki. Siku nzuri kuliko zote.

Ijumaa, 13 Oktoba

Mpango wa tatu. Bora kuliko yote! Nashangaa kichwa hiki kilifeli hesabu.

Pini ilikuwa kwa sonara, inachongwa jina. Claudine amebanwa na kazi, Vernetta akasema Ezell atapita kuichukua. Akamwombea mume wake aaminiwe, mpenzi yule! Claudine akakubali shingo upande. Sasa, mawazo yangu ni haya. Kesho, saa ya kuvisha, pini iko mkononi mwangu. Natembea nayo mpaka mbele. Nani atamnyang'anya mwanamume kitu mkononi mbele ya watu mia mbili?

Nilifika nayo nyumbani saa nane mchana. Vernetta yuko saluni. Nikafanya mazoezi. Kwanza kwenye mto wa kochi: safi. Kisha kwenye paja la nguruwe lililokuwa likisubiri chakula cha Jumapili: safi. Kisha nikaona ni heri nijaribu kwenye kitambaa kizuri, nikavaa koti langu la suti ya bluu, nikaibandika kwenye ukosi. Nikajitazama kwenye kioo. Uongo dhambi, ilinipendeza.

Haikutoka.

Kile kishikizo cha nyuma kilikuwa kimeuma uzi. Nikivuta kinazidi kuuma. Nikavuta tena. Mara mlango ukafunguliwa, Wardell ameingia bila kubisha hodi, amefuata viti vya shughuli. Akaniona. Mtu wa nje, mwanamume, wiki ya saba, amevaa Korongo kifuani.

Alifunga mlango nyuma yake, akashusha pazia. Akasema kwa sauti ndogo, Pickett, mwanandugu akivaa kitu cha akina dada ni vibaya. Wewe hata si mwanandugu. Nikamwambia asinihubirie, alete plaizi.

Tulihangaika nusu saa. Daktari wa meno na fundi wa matairi, wote tumeinamia ukosi mmoja. Akaniambia nifungue mdomo, kwa mazoea. Hatimaye ikang'oka, pamoja na kipande cha koti. Kishikizo kilikuwa kimepinda kidogo. Wardell akasema hakitaonekana. Halafu akaketi kwenye kochi akanipa siri yake: mwaka wa kwanza wa ndoa alitoa takataka nje akiwa amevaa jaketi la Claudine lenye herufi, kwa kuwa kulikuwa na baridi. Akalala kwa mama yake siku mbili.

Nilimwonea huruma. Kisha akasema atanyamaza ikiwa kesho nitabeba viti vyote mia mbili peke yangu. Huruma ikaisha.

Jumamosi, 14 Oktoba

Nimebeba viti mia mbili. Siuhisi mgongo. Haidhuru!

Hema lilijaa. Chuo kizima kiko nje, ngoma za bendi zinatikisa vikombe. Akina dada waliingia kwa mstari wakicheza hatua zao, mabinti wa miaka ishirini mbele, wazee nyuma, wote goti moja, bega moja, kama mtu mmoja mwenye miguu mia. Mke wangu katikati! Nguo ya kijivu, viatu vya machungwa! Nilimwambia jirani yangu, yule ni mke wangu. Akasema umeshaniambia mara nne.

Kiti changu kilikuwa nyuma ya nguzo. Nikiegemea kushoto namwona Vernetta jicho moja. Nikiegemea kulia namwona Wardell, mstari wa mbele, amekunja nne.

Na pini? Claudine aliichukua mlangoni. Alininyooshea kiganja tu, na mkono wangu ukampa wenyewe. Mpango wa tatu ulidumu hatua mbili.

Akasoma miaka yote arobaini ya Vernetta. Akafungua kisanduku. Akatazama. Akatoa uzi wa bluu. Akauinua mbele ya macho yake, halafu akanitafuta nyuma ya nguzo. Nilifunika ukosi wangu uliochanika kwa mkono kama mtu anayeimbiwa wimbo wa taifa.

Kisha akajaribu kufungua kishikizo. Hakikufunguka. Akampa Namba Mbili, hakikufunguka. Akapewa katibu. Kucha mbili zikavunjika. Watu wakaanza kunong'ona. Vernetta amesimama pale, amejiandaa miaka arobaini, kidevu kimeanza kumtetemeka, na ni mimi niliyemfanyia hivyo. Nilitamani hema liniangukie.

Sauti ya Mama Odessa ikasikika mpaka nje. Mwiteni yule wa gereji.

Nilipita kati ya viti nilivyovibeba mwenyewe. Claudine alinisogezea pini akaninong'oneza, shemeji, hii imepitia wapi? Nikasema kwa sonara. Akauliza, sonara anavaa suti ya bluu? Nikasema, Claudine, nisamehe, ila nisamehe kesho, leo hebu nimfungulie mke wangu. Nikabana kwa kidole gumba, nikakinyoosha taratibu kama valvu ya tairi la baiskeli ya mtoto. Kikafunguka.

Kwa sekunde moja Korongo alikuwa mkononi mwangu, amefunguka, na kifua cha Vernetta kiko hapa. Hapa! Hakuna aliyesogea. Naapa hata Claudine hakusogea.

Nikamtazama mke wangu. Hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akimtazama Namba Moja.

Nikampa Claudine.

Akambandika. Hakumchoma hata kidogo. Wakashikana vichwa, wanawake wawili wa miaka sitini na mmoja, wakalia kama wasichana. Nami nililia, safari hii hapakuwa na vumbi la breki. Kisha akina dada wote wakapaza mlio wao wa korongo, na kwa furaha nikaupaza pamoja nao. Kwa maoni yangu niliupaza vizuri sana.

Vichwa vyote vikanigeukia. Mlio ule si wa kila mtu, kumbe. Claudine alifumba macho. Mama Odessa alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Garini Vernetta alinishika mkono. Akasema kwa wiki saba nimevunja kanuni nyingi kuliko chuo kizima kwa miaka arobaini. Halafu akasema aliniona nilipompa Claudine ile pini. Akasema ataikumbuka dakika ile. Sikuweza kuendesha. Tulisimama kando ya barabara kidogo.

Jumapili, 15 Oktoba

Kanisani niliketi upande wa pini ili wote waone imeketi kando ya nani.

Nimetafakari. Kwa hesabu yangu, pini isingefunguka bila mimi. Mlio nimeujua. Mstari wao ni wa watu saba. Hakuna aliyeandika mahali popote kwamba hauwezi kuwa na Namba Nane! Kesho nakwenda kwa yule rafiki wa mabango aniulizie bei ya jaketi lenye herufi.

Mchana simu ikalia. Dada Rosalind, Namba Saba wao, mrefu kuliko wote, anaishi mji wa Mobile. Hakuja jana kwa sababu ya goti lake jipya. Tawi la huko linamvisha Korongo tarehe ishirini na nane, nyumbani kwake, kwenye kiti chake, naye anataka avishwe na Vernetta. Mke wangu alikuwa bafuni, kwa hiyo niliongea naye mimi. Sauti tamu! Akaniuliza kama ninajua jambo lolote kuhusu shughuli hizi. Nikamwambia, shemeji, mimi ni mzoefu.

Hajaongea na Claudine bado. Nimemwambia asijisumbue kumpigia, na asihangaike na sonara, wala viti, wala samaki. Kabla ya mwezi huu kwisha mimi na Namba Nne tutakuwa mlangoni kwake, siku mbili mapema, na kila kitu aniachie mimi. Kwa goti lile hawezi kukimbia.